Wodi Yangu na Wodi ya Mke Wangu

Mimi ndiye niliyemtia mke wangu kazi ya hospitali. Nalisema hili mwanzo kwa sababu baadaye, kwa miezi mingi, nililisahau, au nilijifanya nimelisahau.

Tulikuwa tukikaa Mlandege katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, ambaye alikuwa fundi wa kushona kanzu. Tulikuwa watatu: mama yangu, mimi, na mke wangu niliyemwoa kutoka Makunduchi. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa nesi, mkubwa wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya mjini, na watu wa mtaani wakiniita daktari. Sikuwa nikiwasahihisha. Mke wangu alikuwa amesoma skuli kuliko wasichana wengi wa shamba wa wakati ule, na hospitali ilipotangaza kuwa inataka wanawake wa kufunzwa uuguzi, mimi ndiye niliyemjazia fomu. Mama hakupenda. Alisema mke wa mtu kushinda nje akishika miili ya wagonjwa si jambo la kheri. Nilimjibu kuwa atakaowashika ni wanawake wenzake. Jioni tulikuwa tukikaa uani nikimfundisha kusoma kipimajoto, tukikitia kwapani mwa mama, na mama akilalamika kuwa tunamtekenya.

Alipomaliza mafunzo alipangiwa wodi ya wanawake, ghorofa ya juu. Yangu ilikuwa chini. Asubuhi tulitoka pamoja kwa miguu na kupita Darajani, yeye na buibui lake juu ya gauni jeupe, mimi na kaptura iliyopigwa pasi ikasimama. Nilikuwa natembea kifua mbele. Akifanya vizuri nilikuwa nikifurahi, kwa kuwa kila alichokijua nilijiona nimemfundisha mimi.

Kisha akaja daktari kijana. Alikuwa Mhindi wa hapa hapa, mzaliwa wa Mji Mkongwe, aliyekwenda kusomea udaktari Bombay akarudi, na Kiswahili chake kilikuwa hiki hiki chetu. Jambo lililomkera tangu wiki ya kwanza ni wagonjwa waliokuwa wakifa bila ya mtu kuona. Unampita mtu saa mbili asubuhi, anaitikia salamu. Unarudi saa nne, keshapoa. Ukiuliza nini kimetokea baina ya saa mbili na saa nne, hakuna ajuaye. Sisi tulishazoea. Tulikuwa tukisema siku yake imefika, na kweli ilikuwa imefika, lakini yeye alitaka kujua imefikaje.

Siku moja alituita barazani, manesi wa wodi zote mbili, akatueleza. Wodi zetu zilikuwa ndefu, na vitanda vilipangwa kwa kadiri mtu alivyoingia. Mahututi akilala karibu na mwenye jipu. Nesi anaanza mlangoni, anamalizia mwisho, na akifika mwisho hajui mlangoni kuna nini. Yeye alitaka mahututi wakusanywe pahala pamoja karibu na meza, na awekwe mtu ambaye hana kazi nyengine ila kuwatazama hao tu. Kila nusu saa ahesabu pumzi zao, ahesabu mapigo ya mshipa, aguse mikono na miguu kama ina baridi, apime mkojo, amgeuze asiyeweza kujigeuza, na kila alichokiona akiandike palepale kabla hajaondoka kitandani.

Lakini Daktari Mkuu, ambaye alikuwa Mwingereza, alikuwa amekwisha mwambia kwamba watu wa kukaa na kutazama hana, na hatawatafuta mpaka aonyeshwe kwamba kutazama kunaponyesha. Kwa hiyo daktari kijana alitaka kufanya utafiti. Wodi moja igeuzwe, nyengine iachwe kama ilivyo. Kila wodi iwe na daftari lake la kuandika nani aliingia akiwa mahututi na mwisho wake ulikuwaje. Baada ya miezi minane madaftari mawili yawekwe pamoja yasomwe.

Nilijiweka sawa kwenye kiti. Nilikuwa mkubwa wa wodi, mzoefu kuliko wote pale barazani, na nilijua ni wodi gani itakayogeuzwa. Daktari akasema ni ya wanawake, kwa sababu juu kulikuwa na kona pana yenye hewa, karibu na roshani, inayoingia vitanda vinne na meza. Na wa kuisimamia hiyo kona, akasema, ni mke wangu, kwa kuwa ameona jinsi anavyoandika. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe nakupa kazi ngumu zaidi," akasema. "Usibadilishe kitu. Fanya kama ulivyokuwa ukifanya siku zote."

Sijapata kutukanwa kwa adabu namna ile. Najua sasa kwamba hakutukana; alikuwa akinieleza utafiti. Lakini mimi nilisikia kwamba mke wangu apewe jipya na mimi niachiwe kuukuu, na kwamba yangu ni kuandika tu namna kuukuu kunavyoshindwa.

Haukupita mwezi jina la kona likatoka nje ya hospitali. Aliletwa mwanamke kutoka Mtoni, mja mzito, ameshikwa na kifafa cha mimba. Alipotulia baada ya degedege la kwanza kila mtu alidhani amelala. Mke wangu alikaa naye. Akaona kope zinacheza, akaona mkojo umekatika, na pumzi alizozihesabu mara ya mwisho zimebadilika. Akamwita daktari kabla ya degedege la pili. Mama na mtoto wakatoka wazima.

Ijumaa moja jamaa za yule mwanamke wa Mtoni wakaja Mlandege na mkungu wa ndizi na kuku wawili. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Mzee wao akaniuliza kama hapa ndipo kwa yule bibi wa kona. Nikamwambia ndipo. Akanishukuru akanipita, na wote wakanipita, wakaingia ndani kumtafuta, na mimi nikabaki na wale kuku mkononi, wamefungwa miguu. Hata muuza samaki wa Darajani, niliyekuwa nikinunua kwake tangu utotoni, alianza kunitilia samaki changu mkubwa kikapuni na kuniambia nimpelekee bibi wa kona, kwa kuwa alimtazamia dada yake alipolazwa. Samaki alikuwa mzuri. Nilimla, nikasema chumvi imezidi.

Yeye mwenyewe hakubadilika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Lau angejivuna ningepata la kusema. Alirudi nyumbani, akavua buibui, akapika, na tukila alizungumza kama tulivyokuwa tukizungumza siku zote, habari za kazi. Alisema leo daktari ameona hivi, leo daktari ameuliza vile, leo daktari amesema kwamba kumbe pumzi zinaanza kubadilika kabla ya mshipa. Alikuwa akinisimulia mimi kwa sababu mimi ndiye mtu wa nyumba ile aliyeweza kuelewa. Nami nilikuwa nikihesabu mara ngapi ametaja daktari. Nikaanza kuona wali umekuwa mgumu, na shati langu halikupigwa pasi vizuri kwenye ukosi. Nikaanza kutoka asubuhi mapema ili nisiandamane naye.

Mama aliniona. Akaniambia siku moja uani, akichambua mchele, kwamba mwanamke akisifiwa kila siku na mwanamume asiye wake, mumewe ana haki ya kuona wivu, na asiyeona si mwanamume. Maneno yale niliyapokea kama mtu aliyepewa mwavuli kwenye mvua. Wivu wa mume kwa mkewe hauna aibu. Watu wanaucheka kidogo na wanauheshimu. Lakini kijicho ni kitu chengine, na mtu mzima hawezi kumwambia mwenziwe kwamba anacho. Kijicho changu nikakivisha nguo ya wivu, nikatoka nacho hadharani.

Nikamwambia mke wangu kwamba watu wanasema. Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso.

"Maneno ya watu, au yako?" akauliza.

"Ya watu."

"Basi waambie nshasikia. Yakiwa yako, niambie kwa mdomo wako kwamba unanidhania na yule kijana, na kesho siendi kazini."

Sikuwa nikimdhania hata chembe. Nilijua anakwenda kufanya nini kule juu, nilikijua kila kitu alichokuwa akikifanya, na hicho ndicho nilichokitaka. Akaendelea kukuna nazi yake, na tangu siku ile hakunisimulia tena habari za kona. Nilikuwa nimeyataka hayo pia, na nilipoyapata niliona nyumba imekuwa kubwa na mimi sina pa kukaa.

Mwezi ule ule waliniletea mchumaji wa karafuu aliyeanguka mtini. Alikuwa kijana mwenye nguvu kutoka mashamba ya kaskazini, amevunjika mbavu, lakini anazungumza na anaomba maji. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa cha kumi na mbili, mbali na meza yangu, na nilimweka huko kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote. Nilimpita asubuhi. Nikaenda upande wa pili kufunga vidonda, vilikuwa vingi siku hiyo, na niliporudi na ndoo yangu midomo yake ilikuwa imekuwa ya buluu na hapumui. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniambia alikuwa akihema kwa shida tangu zamani, na alidhani mimi najua. Nikafungua daftari nikaandika mwisho wake ulikuwaje. Mstari mmoja ulitosha.

Ningependa kusema kwamba nilibadilika kwa ajili ya kijana yule. Baba yake alikuja kumchukua na gari la shamba, na nilishindwa kumtazama. Lakini nilipofunga daftari siku ile, lililonipita akilini kwanza ni kwamba mke wangu, mgonjwa yule angelikuwa wake, angeliandika mistari mingi, na wa mwisho ungesema ametoka mzima.

Siku ya tatu yake niliingia jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikamwuliza kwa upole anahesabu vipi pumzi za mtu bila ya mtu kujua kuwa anahesabiwa, maana mtu akijua huzibadilisha. Mke wangu alinitazama kwa muda. Kisha uso wake ukakunjuka, na mimi, Mungu anisamehe, niliona kwamba alidhani nimerudi kwake. Akanishika mkono kama anayepima mshipa, macho kwenye saa, na akanionyesha kwamba vidole viko mkononi lakini anachokitazama ni kifua. Akanifundisha kumlaza ubavuni asiye na fahamu ili mate yasimrudie kooni. Akaniambia nisiamini joto la paji la uso, nishike vidole vya miguu. Tulikaa jikoni mpaka adhana ya magharibi. Alicheka mara mbili. Nilikuwa nikimwibia, na yeye alikuwa akinipa kwa mikono miwili.

Masika yakaingia na paa la mwisho wa wodi yangu likaanza kuvuja. Huo ukawa udhuru wangu. Nikaleta vitanda vitatu karibu na meza, nikasema ni kwa ajili ya matone. Yeyote aliyeingia akiwa mahututi nilimlaza hapo. Wenye vidonda na majipu niliwaachia manesi wadogo, nami nikakaa na hao watatu, nikihesabu. Daktari alipopita aliona vitanda vimesogezwa, akatazama dari, akaona maji, akapita. Katika daftari lake niliandika kama nilivyoamriwa: ameingia, ametoka, au amekufa. Sikuandika kwamba nimekaa naye.

Lakini niliandika pengine. Nyuma ya chati kuukuu nilikuwa nikiandika pumzi na mshipa na mkojo wa kila nusu saa, na karatasi hizo nikazitia katika kopo la biskuti ndani ya kabati la bendeji. Nilitaka siku moja nimwonyeshe mtu kwamba na mimi naweza. Sikujua nimwonyeshe nani.

Na wakapona. Si wote, lakini nilizoea kuwafunika wengi na sasa nikawa nawaona wakikaa kitako. Kuna kuli mmoja wa bandarini aliyekuja na homa ya mapafu, amekwisha sema shahada yake, ndugu zake wakiulizana sanda. Nilikaa naye siku nne. Nilimgeuza, nilimlowesha midomo, nilimkalisha na mito nyuma alipoanza kukoroma. Siku ya nne aliomba uji. Alipoondoka kwa miguu yake nilisimama mlangoni mwa wodi nikimtazama anavyopinda kona ya ukuta, na moyo wangu ukawa unaniambia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni alhamdulillahi. La pili ni kwamba kule juu wiki ile alikufa mmoja, na kwangu hakufa mtu.

Miezi minane ikatimia. Daktari akayachukua madaftari yote mawili akajifungia nayo kwa siku kadhaa. Kisha akatuita tena barazani. Alikuwa amekonda. Akasema ameyasoma na ameyapeleka kwa Daktari Mkuu, na wodi mbili hazikupishana kitu cha kusemwa. Mwanzoni zilipishana, akasema, lakini kuanzia masika zimekwenda sawasawa, na mwanzo ule mchache hautoshi kuthibitisha jambo. Huenda ilikuwa bahati. Akamshukuru mke wangu, akanishukuru mimi.

"Nilidhani naona kitu," akasema. "Kumbe nilikuwa nikikitamani tu."

Wiki ile ile kona ikavunjwa. Vitanda vikarudishwa kwenye mstari, na mke wangu akapelekwa chumba cha sindano.

Nilifurahi. Siwezi kulisema kwa namna nyengine. Njiani kurudi nyumbani nilitembea naye sako kwa bako, mara ya kwanza baada ya miezi, nikamnunulia mkate wa ufuta Darajani. Nilikuwa mume mwema sana jioni ile.

Yeye hakulia. Alikata mkate, akampa mama kipande, akanipa mimi, chake akakiacha. Akasema huenda wale wanawake wangepona tu hata bila yeye. Huenda yule wa Mtoni angeamka mwenyewe. Alikuwa akijiona ana jicho la kuona wengine wasichokiona, akasema, kumbe alikuwa amekaa tu karibu na watu ambao Mungu alikwisha waandikia kupona, akajitwalia sifa. Aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu anayejisahihisha hesabu. Mama akasema kweli, kupona kwatoka kwa Mungu. Mimi nilikuwa natafuna mkate.

Siku zilizofuata nilimwona akianza kujitilia shaka katika kila kitu. Alikuwa akiniuliza mambo aliyonifundisha yeye. Aliniuliza kama ni kweli vidole vya miguu hupoa mwanzo, au ni yeye alijizulia. Nilimjibu kwamba sijui.

Kisha akafa mwanamke mmoja kijana wa Tumbatu. Aliletwa kwa mashua na gari, anatoka damu baada ya mimba kuharibika, akalazwa kitanda cha mwisho wa wodi ya wanawake kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Aliyegundua kwamba amekufa ni mfagizi, alipomwomba anyanyue mkono apitishe ufagio. Ilikuwa mchana, wodi imejaa watu. Mke wangu alikuwa chumba cha sindano, milango miwili tu kutoka pale. Walimwita kusaidia kumtayarisha, na hina ya mkononi mwake, akaniambia, ilikuwa bado haijafifia.

Alirudi nyumbani akakaa ukumbini na buibui lake mwilini. Mama alikuwa amekwenda maulidini. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote: paa, vitanda vitatu, kopo la biskuti, yule kuli. Nilimwambia kwamba kona yake haikushindwa na wodi kuukuu. Ilishindana na kona nyengine.

Kisha akauliza jambo moja.

"Ulifanya kwa ajili yao, au kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako," nikasema. "Usinishinde."

Alivua buibui, akalikunja pole pole, akaliweka juu ya magoti. Nilingoja anitukane. Akasema wale waliopona kwangu Mungu awazidishie umri, na yeye hatasema kwamba nilifanya vibaya kuwaponya. Lakini jioni aliponiambia kwamba huenda hana jicho, mimi nilikuwa najua, na nikala mkate. Hilo, akasema, hajui alifanye nini. Akaniambia niende kwa daktari, na nisirudi nyumbani kabla sijakwenda.

Nilipitia wodini kuchukua kopo la biskuti. Daktari nilimkuta chumbani kwake, bado anaandika. Nilimwekea kopo mezani nikamweleza. Aliinuka akafunga mlango. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Aliniambia kwamba nimemfanya aende mbele ya mkubwa wake aseme uongo bila kujua, na kwamba kama kuna mtu amekufa tangu kona ivunjwe nimwambie nani ajibu. Nikamwambia kuna mmoja, na ninajua nani ajibu. Hapo akakaa.

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?" akauliza.

"Ningekwambia nini? Kwamba nnamwonea mke wangu kijicho?"

Akafungua kopo, akaanza kutoa karatasi moja moja na kuzipanga kwa tarehe. Akanifanya nimsomee mwandiko wangu. Kadiri tulivyosoma sauti yake ilipungua ukali, na mwisho akaniambia kwamba na yeye ana la kujibu, kwani ndiye aliyeniamuru niwatazame watu wakifa na nisisogeze kitanda. Alisema amelifikiria jambo hilo tangu mwanzo na alikuwa akilikimbia.

Daktari Mkuu hakuzikubali karatasi zangu. Alisema mtu aliyedanganya katika daftari moja haaminiki katika jengine. Nilivuliwa ukubwa wa wodi nikapelekwa kazi ya chini kabisa, chumba cha kufungia vidonda, ambako nilikaa miaka minne nikiosha madonda ndugu. Lakini kwa kuwa utafiti wa mwanzo ulikuwa umeharibika, alikubali kona ya wanawake irudishwe na utafiti uanze upya, na safari hii daktari akapanga namna nyengine: hapatakuwa na wodi ya kuachwa. Wodi zote mbili ziwe na kona, na matokeo yalinganishwe na miaka iliyopita, katika madaftari ya zamani ya hospitali. Mke wangu akawekwa juu ya kona zote mbili, na wodi ya wanaume ikapewa nesi kijana aliyekuwa mdogo wangu kazini. Nilimwonea kijicho na huyo pia. Ilikuwa kona yangu, kwa njia fulani, na alikuja kuniuliza vitanda vilikaa vipi wakati wa masika. Nilimwonyesha, kwa kuwa mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake.

Utafiti ule wa pili ulichukua mwaka na zaidi, na daktari aliondoka kisiwani kabla haujasemwa rasmi kwamba umefaulu au haukufaulu. Kona zilibaki. Hakuna aliyetoa amri zibaki. Watu walikuwa wamekwisha zoea kupeleka mahututi pale, na wasingekubali tena kitanda cha mwisho.

Nyumbani mambo yalichukua muda mrefu zaidi. Alinipikia, alinifulia, alinijibu nikimwita. Ilipita Ramadhani nzima kabla hajacheka nami kwa jambo lolote. Nilipomwomba radhi alisema ameshaniwia radhi, na niliamini, lakini kuwiwa radhi na kuaminiwa ni vitu mbalimbali, na hicho cha pili hakiombwi.

Saa saba mchana alikuwa akishuka kutoka juu na chakula chetu ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Tulikuwa tukila kwenye ngazi za nyuma, upande wenye kivuli, mimi nikinuka dawa ya vidonda. Baada ya miezi mingi alianza tena, kidogo kidogo, kunisimulia: nani ameingia, nani pumzi zimemkaa vibaya. Siku nyengine nilikuwa nikimwuliza umemlaza ubavu gani, na akanijibu, na tukabishana mpaka chakula kikapoa. Siku nyengine nilimwona amekuja na uso unaong'aa, kuna mtu amemponyesha, nami nikahisi kijicho kile kile kinanirudia, nikainamisha kichwa nikala, nisimwulize.